Kadi Nyekundu, Kadi Nyeusi: Ushahidi Uko Wapi?

REHEMA: Karibuni tena wasikilizaji. Mimi ni Rehema, muuguzi wa wagonjwa mahututi, na niko na kaka Daudi.

DAUDI: Nipo, dada. Leo tuingie moja kwa moja. Basi limepinduka, majeruhi hamsini wamelala kando ya barabara, wahudumu ni wanne. Wa kwanza kutibiwa anachaguliwaje?

REHEMA: Sehemu nyingi atachaguliwa kwa utaratibu uitwao START. Ulitungwa mwaka 1983 huko Newport Beach, California, na hospitali moja ikishirikiana na kikosi cha zimamoto. Mhudumu anapaza sauti: anayeweza kutembea aje huku. Hao wanapata kadi ya kijani. Kisha anawapitia waliobaki, mmoja mmoja. Hapumui? Mfungulie njia ya hewa. Pumzi ikirudi, nyekundu, yaani atibiwe kwanza. Isiporudi, nyeusi, yaani anahesabiwa hawezi kuokolewa, na unasogea kwa mwingine. Anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika? Nyekundu. Unabonyeza ukucha na rangi inachukua zaidi ya sekunde 2 kurudi? Nyekundu. Unamwambia afumbe ngumi naye hawezi kufuata? Nyekundu. Aliyevuka yote hayo lakini hawezi kutembea ni wa njano, anafuata baada ya wekundu. Mtu mmoja hachukui hata dakika nzima.

DAUDI: Hiyo nyeusi inanisumbua. Hospitalini mtu yule angezungukwa na watu sita wakimshindilia kifua. Hapa anapitwa.

REHEMA: Anapitwa, kwa sababu mikono ikibaki kwake, wawili wanaovuja damu pembeni wanakufa. Na kadi haipaswi kuwa ya kudumu. Wahudumu wakiongezeka, unarudi na kuwapima upya wote. Hesabu yenyewe naikubali. Swali langu ni lingine: hizo 30 na 2 zilitoka wapi? Zilitoka kwenye uzoefu na makubaliano ya wataalamu. Dawa mpya hairuhusiwi kuingia wodini kwa njia hiyo. Inajaribiwa kwanza, mara nyingi kwa maelfu ya wagonjwa. Lakini utaratibu unaoamua nani aifikie hiyo dawa, tunaupokea kwa imani.

DAUDI: Haujawahi kupimwa kwenye ajali ya kweli?

REHEMA: Umepimwa mara chache, na mara nyingi kwa kurudi nyuma kusoma mafaili. Mwaka 2009 ilichapishwa tathmini ya ajali ya treni huko California. Watafiti walilinganisha rangi walizopewa abiria na yaliyowapata baadaye hospitalini. Waliokuwa na hali mbaya kweli hawakuachwa. Ila wengi walipewa rangi kali kuliko hali zao.

DAUDI: Si afadhali hivyo? Bora kumdhania mzima kuwa mgonjwa kuliko kinyume chake.

REHEMA: Siku ya kawaida, ndiyo. Siku ya maafa, hapana. Tafiti za milipuko ya mabomu zimeonyesha kwamba pale wenye majeraha madogo wanapojaza nafasi za wekundu, vifo vya mahututi hupanda. Halafu kuna hili: anayeweza kutembea hangoji kadi. Anadandia gari lolote na kufika hospitali ya karibu kabla ya wote. Mahututi, ambao ilibidi kwanza wanasuliwe kwenye vyuma, wanafika vitanda vimeshajaa. Mipango mingi ya maafa imeandikwa kana kwamba majeruhi watafika kwa foleni, mbaya zaidi mbele.

DAUDI: Nikupinge kidogo. Daktari wa dharura ana macho, ana uzoefu wa miaka. Kwa nini unataka kila kitu kipitie kwenye jaribio?

REHEMA: Kwa sababu ya jaribio liitwalo FEAST. Hili nitalieleza taratibu, kaka, maana kila anayefanya kazi ya dharura anapaswa kulijua. Mtoto anafika ana homa kali, mikono ya baridi, mapigo dhaifu, damu haimfikii vizuri. Kwa miongo mingi mafunzo yalisema: mpe maji ya mshipani haraka, mengi, ndani ya saa moja. Ilionekana ni jambo lisilohitaji mjadala. Timu iliyoongozwa na Kathryn Maitland kutoka Kilifi ikalijaribu katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wapewe maji ya haraka ya chumvi, wengine ya albumini, ambayo ni protini ya damu, na wengine wasipewe ya haraka, ila yale ya taratibu tu. Matibabu mengine, yaani antibiotiki, dawa za malaria, oksijeni, damu, wote walipata.

DAUDI: Na?

REHEMA: Januari 2011 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati. Ndani ya saa 48, katika makundi mawili ya maji ya haraka walikufa asilimia 10.6 na 10.5. Katika kundi lisilopewa walikufa asilimia 7.3.

DAUDI: Ngoja. Maji ndiyo yaliyoongeza vifo?

REHEMA: Ndiyo. Karibu watoto watatu zaidi kwa kila mia. Na kinachoniumiza hasa ni uchambuzi uliofuata. Mwishoni mwa saa ya kwanza, waliopewa maji ndio walioonekana wamepata nafuu zaidi. Mikono imepata joto, mapigo yamekaa vizuri. Daktari aliyesimama pale kitandani angeapa kwamba amemwokoa mtoto yule. Vifo vilikuja baadaye, moyo na mzunguko wa damu vikishindwa.

DAUDI: Kwa hiyo hata daktari makini kuliko wote asingeliona hilo.

REHEMA: Asingeliona kamwe. Tofauti ya watatu kwa mia haionekani kwa macho ya mtu mmoja katika zamu zake. Inaonekana ukiwa na maelfu ya wagonjwa na kundi la kulinganisha. Lakini nisieleweke vibaya: watoto waliopungukiwa maji kwa kuharisha hawakuwamo kwenye jaribio lile. Kwao maji bado ni uhai, na mzazi asisite kuyatoa.

DAUDI: Ahsante kwa kulisema hilo. Na si mara moja tu, sivyo?

REHEMA: Si mara moja. Wagonjwa wa majeraha ya kichwa walipewa steroidi, dawa za kupunguza uvimbe, kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 2004 jaribio la CRASH, lenye watu zaidi ya 10,000, likaonyesha kwamba ndani ya wiki mbili waliopewa walikufa asilimia 21, wasiopewa 18. Na majaribio hayaleti habari mbaya tu. CRASH-2 ya mwaka 2010 ilionyesha kuwa asidi ya traneksamiki, dawa ya bei nafuu ya kuzuia damu kuvuja, inapunguza vifo vya majeruhi. Ila iwahi: ikitolewa baada ya saa 3, inaweza kudhuru.

DAUDI: Turudi kwenye kuchagua. Umezungumzia barabarani. Ndani ya wodi ya mahututi je? Mwaka 2020 tulisikia habari za mashine za kupumulia kutotosha.

REHEMA: Pale ndipo imani yetu kwa namba ilipojaribiwa. Mipango mingi, hasa katika majimbo ya Marekani, ilitegemea alama za SOFA. Unapima viungo sita: mapafu, ini, figo, ubongo, mzunguko wa damu na uwezo wa damu kuganda. Kila kimoja kinapata 0 hadi 4. Alama zikiwa nyingi, hali ni mbaya, na katika baadhi ya mipango mgonjwa anashuka kwenye foleni ya mashine. Lakini SOFA ilitungwa miaka ya 1990 ili kueleza jinsi viungo vinavyozidiwa na maradhi. Haikutungwa kumwambia mtu yeyote nani apewe kitanda.

DAUDI: Kuna ubaya gani kuitumia hivyo?

REHEMA: Chukua figo. Mtu mwenye ugonjwa sugu wa figo anaanza na alama nyingi kabla hata maradhi mapya hayajamgusa. Nchini Marekani ugonjwa huo umewapata zaidi watu weusi, kwa sababu zilizojengeka miaka mingi nje ya hospitali. Basi alama zinamsukuma nyuma kwa jambo ambalo huenda halina uhusiano na kupona kwake leo. Halafu chukua kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni. Desemba 2020 watafiti walichapisha ulinganisho: kifaa kikisema oksijeni iko sawa, vipimo vya damu vilionyesha kuwa imeshuka mno kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, dhidi ya 3.6 kwa weupe.

DAUDI: Zaidi ya mara tatu! Na ni kifaa tunachokiamini kila siku.

REHEMA: Kila siku, kila wodi. Kosa la kifaa linaingia kwenye alama, alama zinaingia kwenye uamuzi, na mwishoni mtu anasema namba imeamua.

DAUDI: Lakini uhaba ukiwa wa kweli lazima kuchagua, dada. Hakuna njia nyingine.

REHEMA: Wakati mwingine ipo, na ni lazima itafutwe kwanza. Copenhagen, 1952, polio imelipuka. Hospitali ya Blegdam ina mashine moja kubwa ya kupumulia na sita ndogo za kifuani. Wengi wa waliopooza misuli ya kupumua wanakufa. Bjørn Ibsen, daktari wa usingizi, akapendekeza wapitishiwe mpira kooni, kisha mtu akamue mfuko wa hewa kwa mkono, usiku na mchana. Walihitajika watu, wakaitwa wanafunzi wa udaktari, takriban 1,500 kwa zamu, kwa miezi. Vifo vikashuka sana. Huko ndiko ilikozaliwa wodi ya mahututi tunayoijua. Mashine hazikuongezeka. Iliongezeka mikono.

DAUDI: Hapo nimekuelewa. Sasa ridhaa. Mzazi amekumbatia mtoto mwenye degedege, unampa fomu za utafiti asome?

REHEMA: Haiwezekani, na kumlazimisha ni ukatili. Katika FEAST kamati za maadili ziliruhusu hatua mbili: kwanza maelezo mafupi ya mdomo na kibali cha mzazi, kisha maelezo kamili na ridhaa ya maandishi mtoto akishatulia. Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti kwa binadamu, nalo linakubali utafiti wa dharura kwa asiyeweza kuridhia, kwa masharti makali, na ridhaa kutafutwa mapema iwezekanavyo.

DAUDI: Kuna watakaosema bado ni kumjaribia mtu asiyejua.

REHEMA: Wasiwasi wao ni halali, na ndiyo maana masharti yanabaki makali. Lakini watoto waliopewa maji kwa miongo ile nao walikuwa wakijaribiwa, bila kamati, bila kundi la kulinganisha, bila mtu wa kuhesabu.

DAUDI: Na kwenye maafa yenyewe, nani ana muda wa kuandaa jaribio?

REHEMA: Unaliandaa kabla. REMAP-CAP ulikuwa utafiti wa nimonia kali uliobuniwa mapema ukiwa na nafasi ya kupokea janga. Korona ilipokuja, uliipokea. RECOVERY, jaribio la tiba ya korona la Uingereza, ilianza Machi 2020 kwa fomu fupi ambazo muuguzi aliyechoka angeweza kuzijaza. Juni ikatuambia kuwa deksamethasoni, aina ya steroidi, inapunguza vifo vya walio kwenye mashine kwa takriban theluthi moja. Triaji, yaani huko kuchagua nani atibiwe kwanza, inaweza kupimwa hivyo hivyo: hospitali zigawanywe kwa bahati nasibu, zipi zianze utaratibu mpya kwanza, zipi zifuate. Kwa kuanzia, karatasi moja inatosha: saa ya kufika, rangi aliyopewa, nani aliibadilisha na saa ngapi, na hali yake baada ya saa 48.

DAUDI: Hiyo ya saa 48 ndiyo wengi hawaiandiki.

REHEMA: Wengi hawaiandiki, kwa sababu mgonjwa ameshahamia wodi nyingine na faili lake limemfuata. Apewe mtu mmoja kazi hiyo, kwa jina, kwenye ratiba ya zamu.

DAUDI: Mlio kwenye idara za dharura, tuandikieni: kwenu inaandikwa, na nani anaisoma? Majibu yenu tutaanza nayo kipindi kijacho.