Kwangua Ngozi Kabla ya Kumwaga Dawa

Habari za asubuhi, wenzangu wa Nakuru, nanyi mliotoka Njoro, Molo na Bahati. Nimefurahi kuwaona wenye maduka ya agroveti, kwa sababu mwenye mbwa anayejikuna huanzia kwenu.

Mnajua anachoomba: ivermektini ya ng'ombe, dawa ya kuua minyoo na wadudu wa ngozi. Ikishindikana, anampaka mbwa oili chafu ya gari. Oili hiyo huchoma ngozi, na mbwa akijilamba inakuwa sumu tumboni. Naomba iachwe kabisa. Ivermektini ni dawa nzuri, ila ile ya asilimia 1 imepimwa kwa ng'ombe, mililita 1 kwa kilo 50. Mbwa wa kilo 10 akidungwa mililita nzima amepata mara 5 ya kipimo hicho. Tena mbwa wa ukoo wa koli (collie, mbwa wa kuchunga kondoo) wengi wana kasoro ya kurithi inayoiacha dawa ipenye hadi kwenye ubongo. Huyo huyumba, hutetemeka, huzimia, na anaweza kufa.

Sasa ngozi yenyewe. Upele wa Sarcoptes, aina ya utitiri, hupenda kingo za masikio, viwiko na visigino, na mwasho wake ni mkali mno. Sugua ukingo wa sikio kwa vidole. Mguu wa nyuma ukianza kukuna hewani, shuku upele. Kisha chukua wembe butu wenye tone la mafuta, kwangua sehemu kadhaa, utazame kwa hadubini. Hapa nisikilizeni vizuri: utitiri huu hujichimbia ngozini na huwa haba, hivyo mara nyingi hauonekani ingawa upo. Dalili zikilingana, tibu hata kama hukuona kitu, na utibu mbwa wote wa boma kwa pamoja.

Demodeksi, utitiri wa aina nyingine, ni kinyume chake. Inakaa ndani ya vishimo vya nywele, na mwanzoni haiwashi sana. Bana ngozi, kwangua hadi damu ianze kuonekana, nayo utaiona, mwembamba mrefu kama sigara. Mtoto wa mbwa mwenye baka moja au mawili aghalabu hupona bila dawa. Kinachoniumiza ni kuona mbwa wa namna hiyo amedungwa steroidi, dawa ya kutuliza mwasho, ili atulie: kinga yake inashuka, na mabaka yanaenea mwili mzima.

Kuna na choa. Taa ya Wood, yenye mwanga wa urujuanimno, huonyesha kijani kwenye baadhi ya nywele zenye Microsporum canis, kuvu wa choa, lakini si zote, kwa hiyo peleka nywele maabara ili kuvu aliyemo aoteshwe; majibu huchukua hata wiki 2 au 3. Ngozi ya mafuta inayonuka, hasa masikioni na katikati ya vidole, mara nyingi ni Malassezia, kuvu wa jamii ya hamira. Utepe wa gundi na hadubini vinatosha.

Vidonge vya kutafuna vya kundi la isoksazolini huua viroboto, kupe na utitiri wa aina zote mbili. Bei yake ni kali, nakubali. Mbwa mwenye kifafa asipewe kabla daktari hajaulizwa. Na mtu wa nyumbani akianza kuwashwa, au mtoto akitokwa na duara kichwani, amwambie daktari wa kliniki kwamba mbwa wao ni mgonjwa wa ngozi.