Sentimita 15 za Ukingo

Wahandisi, waheshimiwa madiwani, ndugu zangu. Mkinialika mnajua nitasema nini, kwa hiyo salamu zangu fupi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 mnayo ofisini, sitawasomea. Leo tuzungumze sentimita 15.

Ukingo wa zege unaotenganisha lami na njia ya waenda kwa miguu mara nyingi una kimo hicho. Na mteremko wa kupandia kiti mwendo kanuni yake ni moja kwa 12: kwa kila sentimita ya kwenda juu, sentimita 12 za kwenda mbele. Pigeni hesabu. Sentimita 180, karibu mita mbili. Sasa nendeni mkapime mlivyojenga! Nusu mita. Fundi kamwaga ndoo mbili za zege pale konani, kalainisha kwa mwiko, mkandarasi kapiga picha, na ripoti inasema makundi maalumu yamezingatiwa. Ofisi moja, siitaji, wameuwekea mteremko wao vigae vinavyong'aa kama vya sebuleni. Nikaanza kupanda, magurudumu ya mbele yakanyanyuka, nikajikuta natazama mawingu. Mlinzi akanidaka mabegani: "Pole mzee, hapa huwa tunawabeba tu." Hela imetumika, mteremko upo, na bado tunabebwa!

Namwona mhandisi pale anatikisa kichwa: njia yenyewe ina upana wa mita moja na nusu, hizo mbili azitoe wapi? Bwana, mteremko usiubandike ubavuni. Ishushe njia yenyewe taratibu kuelekea kwenye kivuko. Urefu wa njia unao tele. Atashukuru na muuza madafu mwenye baiskeli yake. Gharama? Uchore kabla zege halijamwagwa. Kinachokula hela ni kubomoa.

Na msiniambie Dar es Salaam haiwezekani. Mwendokasi wa Barabara ya Morogoro ulianza 2016, jukwaa la kituo liko usawa na sakafu ya basi, unaingia na kiti chako. Kazi ni kukifikia hicho kituo. Bodaboda wamepaki njiani, mama ntilie kaweka jiko, mfuniko wa mtaro umeshauzwa chuma chakavu. Mama ntilie simlaumu, mpeni eneo. Mifuniko wekeni ya zege, tumalize.

Kwa wasioona nilikuwa na mengi. Vile vitofali vya kuhisi kwa fimbo nyeupe alivibuni Seiichi Miyake wa Japani mwaka 1965, vikawekwa Okayama 1967. Vya mistari vinasema endelea, vya vinundu vinasema tahadhari. Kwetu fundi anavichanganya kwa urembo, tena vingine vinampeleka mtu moja kwa moja kwenye nguzo ya umeme. Na taa za kuvukia zenye sauti... haya, mwenyekiti ananionyesha saa.

Taa tuziache. Lakini kabla ya chai, tepu ya kupimia ninayo hapa mfukoni, na nje ya mlango huu kuna mteremko. Mhandisi, wewe shika upande wa pili.