Gari Hufa kwa Kusimama

Shikamooni wazee wangu. Vijana wa ufundi, hamjambo? Asanteni kwa kunikaribisha, na zaidi asanteni kwa kuniwekea meza, maana nimekuja na mzigo. Hiki mnachokiona hapa ni hendeli ya Land Rover, chuma cha kuzungusha injini kwa mkono mpaka iwake. Na hiki ni kidole gumba changu cha kulia. Mlio mbele mnaona kilivyopinda, kama ndoana ya migebuka. Hendeli na kidole wanajuana siku nyingi, na mtaelewa wamejuanaje kabla hatujatoka humu.

Nimeombwa nizungumzie chama chetu cha magari ya zamani. Wengi wenu mnatuona Jumapili kule Ujiji chini ya mwembe, boneti ziko wazi, kahawa inazunguka, na hakuna hata gari moja linalokwenda popote. Binti yangu aliulizwa na rafiki zake baba yake huwa anakwenda wapi Jumapili. Akasema, "Anakwenda kutazama mafuta yakivuja." Hakukosea sana. Tuna magari tisa. Yanayotembea ni matano, na mvua ikinyesha ni matatu.

Tunakutana saa nane mchana, na saa hiyo tuliichagua kwa utani. Wazee wenzangu wanakumbuka miaka ile ya shida ya mafuta: Jumapili ikifika saa nane, gari binafsi lisionekane barabarani mpaka alfajiri ya Jumatatu, labda uwe na kibali. Ilikuwa ikifika saa saba na nusu, mtu anamwacha bibi harusi ukumbini anakimbiza gari nyumbani. Basi sisi tukasema, saa ile tuliyokatazwa ndiyo saa tutakayowasha.

Sasa niingie kwenye neno langu, maana ni moja tu. Gari hufa kwa kusimama. Watu hudhani gari la zamani linamalizwa na safari, na mashimo ya njia ya Kasulu enzi zile kabla ya lami. Hapana. Njia inavunja springi, na springi inabadilishwa. Kusimama kunaua kimya kimya, na huwezi kujua mpaka siku unayolihitaji.

Tulikuwa na mwenzetu, mwalimu mstaafu, Mungu amrehemu, mwenye Peugeot 404. Alikuwa hachoki kutuambia kwamba 404 ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Na akifika 1966 na 1967 anasimama kabisa, kwa sababu miaka hiyo miwili dereva alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, pamoja na msoma ramani wake Chris Rothwell. "Watu wa kwetu," anasema, huku anapiga boneti kama anampiga mtu bega. Mzungu wa Uskochi kawa mtu wa kwetu kwa sababu ya Peugeot! Lakini mzee alikuwa na hoja. Mbio zile zilianza 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na gari lililomaliza lilikuwa limepita kwenye njia kama zetu, vumbi na matope haya haya. Ndiyo maana watu wa huku walinunua gari waliloliona limeteswa likapona.

Mzee akafariki. Familia, kwa heshima, wakalifunika gari turubai. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Mkubwa anasema tuuze, mdogo anasema ni kumbukumbu ya baba, na huku gari limekaa. Miaka miwili na miezi kadhaa. Wakaliheshimu mpaka likafa.

Walipotuita tukalifunua. Kuku alikuwa ametaga chini ya siti ya nyuma, hilo ndilo lilikuwa jambo la heri peke yake. Tulifungua kabureta, pale petroli inapochanganywa na hewa: petroli imekauka imekuwa gamba la rangi ya asali, inanuka kama vanishi, na jeti, yaani vijitundu vyote vya kupitishia petroli, vimeziba. Petroli, vijana, hailiwi kama chakula, lakini inachacha kama chakula; miezi michache tu inaanza kuharibika. Mafuta ya breki nayo yana tabia ya kunyonya unyevu hewani. Gari linapokaa, ule unyevu unatulia ndani ya silinda za breki na kula chuma kutoka ndani. Tukafungua tairi la mbele kushoto, pistoni ya breki haichezi hata kwa nyundo. Matairi yalikuwa bapa upande mmoja. Betri tusiizungumzie.

Kubwa lilikuwa injini. Gari linapotembea, oili inapakwa kwenye kuta za silinda kila dakika. Likisimama, oili inateremka taratibu kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, kuta zinabaki uchi, na unyevu unaofuata unazishikanisha ringi za pistoni na ukuta kama wali ulioungua na sufuria. Tukatoa plagi, tukamimina mafuta ya gia ya otomatiki yaliyochanganywa na dizeli kidogo kwenye kila tundu, tukaondoka. Jumapili ya pili tukajaribu kuzungusha. Wapi. Jumapili ya tatu, wapi. Ya nne, mjukuu wa marehemu, kijana wa kidato cha tatu, ndiye aliyeshika spana kwenye puli. Akavuta taratibu, tukasikia *kt*. Kisauti kidogo tu, kama mtu anavunja kiberiti. Mimi ni mtu mzima, sikulia. Lakini aliyekuwa kando yangu alilia.

Pistoni za breki hazikupatikana. Fundi wa kuchonga vyuma pale Mwanga akazichonga upya kwa shaba nyeupe. Kabla ya hapo tulishaagiza seti kutoka kwa muuzaji wa mji mwingine, kasha limechapwa vizuri ajabu, limeandikwa halisi kwa lugha tatu. Raba za ndani ziliyeyuka wiki ya kwanza, na breki zikatukatikia tunateremka kuelekea Kibirizi. Tulisimama kwa msaada wa gia ya kwanza, breki ya mkono na fungu la mchanga wa mtu aliyekuwa anajenga. Tukamlipa mchanga wake. Yule muuzaji simu hapokei mpaka leo.

Tangu siku hiyo chama kina sheria moja tu iliyoandikwa. Gari lisikae zaidi ya wiki mbili bila kutembea mpaka injini ishike moto kamili. Mwenye gari akisafiri, akiugua, akigombana na watoto wake juu ya mirathi, ufunguo unabaki kwa mwenzake. Unaona sasa hizi Jumapili za kahawa? Ndiyo matengenezo yenyewe. Gari linahitaji mahali pa kwenda, na sisi tunalitafutia. Harusi tunakwenda. Msiba tunakwenda, 404 inabeba wazee. Nesi mmoja mstaafu ana Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, injini nyuma, haina rejeta maana inapozwa kwa hewa. Hana safari yoyote, lakini kila Jumamosi anaiendesha mpaka Mwandiga kununua ndizi ambazo zimejaa sokoni karibu na kwake. Ndizi zinamgharimu mara nne. Gari lake halijawahi kugoma.

Niseme kidogo juu ya Land Rover, kwa kuwa hendeli iko mezani. Ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma cha bodi kilikuwa adimu, wakatumia aloi ya alumini. Ndiyo sababu unakuta Land Rover ya miaka hamsini bodi haina kutu, imebonyea tu kama sufuria. Hapo ndipo watu wanapopigwa. Bodi ni alumini, lakini chasisi, ile fremu ya chini, ni chuma, na chuma penye unyevu kinaliwa na kutu. Mnunuzi anatazama juu, anaona kung'aa, anatoa hela. Wewe lala chini, gonga chasisi kwa kitako cha bisibisi mwendo wote. Ikiita *ngii*, mnaweza kuongea bei. Ikisema *puf*, jifute vumbi, aga kwa adabu, ondoka.

Mimi nilijaribu kuzuia kutu kwa mawese. Msicheke. Mawese yamejaa Kigoma, yana bei nafuu, nikaona niwe mvumbuzi. Nikapaka chasisi nzima. Ndani ya wiki panya wa mtaa mzima walihamia, na walipomaliza mawese wakala waya. Tumieni grisi.

Jambo jingine ni petroli. Nchi za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli iliyotiwa madini ya risasi kufikia mwanzoni mwa 2006, na ni jambo jema, ile risasi ilikuwa inaumiza akili za watoto. Lakini injini nyingi za zamani zilitegemea risasi ile kulinda siti za valvu, pale valvu zinapokalia zikifunga. Ukiendesha kwa upole utakaa muda. Ukikimbiza, valvu inazama kwenye siti yake. Kwa hiyo siku mnafungua hedi, kichwa cha injini, ya gari la umri huo, wekeni siti ngumu, msimrudishie mtu kama ilivyokuwa.

Mtaniuliza, na kijana wa nyuma ameshanyoosha mkono: je, ikibidi gari lisimame? Kuna wakati inabidi. Jibu liko bandarini hapo chini. Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika mnayoijua nyote, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa meli mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka hapa mwisho wa reli, ikaungwa upya, ikaingia majini 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani wakiwa wanakimbia waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo grisi nene, kila mahali. Waingereza wakaiibua 1924, mitambo ikakutwa bado inafaa, na 1927 ikarudi kazini. Karibu miaka minane tangu izamishwe ziwani! Gari la mwalimu wetu liliwekewa turubai nyumbani, pakavu, miwili ikalitosha. Wale mafundi walikuwa wanashindwa vita, maadui wanakaribia, na bado walifunga kazi yao kama watu watakaorudi Jumatatu.

Basi, kidole. Land Rover yangu iko hapo nje na betri yake imelala tangu juzi, mimi mwenyewe nimevunja sheria ya chama kwa sababu ya malaria. Kwa hiyo tutapiga hendeli. Ukiishika, gumba likae upande mmoja na vidole vingine, usiizungushie kama unavyoshika mpini wa jembe. Injini ikiwahi kuwaka inarudisha hendeli kinyume, na gumba lililozunguka ndilo linalobaki njiani. Mimi niliambiwa hivyo na baba yangu mwaka 1981, nikamjibu najua.

Wawili wenye nguvu waje na mimi. Wengine mkae tayari kusukuma. Ni saa nane kasoro dakika tano.