Mahindi Ni Yenu, Sasa Mbona Unalia?

Ndugu watazamaji, salamu kutoka Kentucky, Marekani. Video hii sikuipanga, lakini kila ninapoweka picha za mtambo wetu wa kukeneka wiski swali huwa lile lile: mahindi ni yenu, shamba ni la familia, chupa inauzwa dola 50, sasa mbona unalia? Nikionyesha mtambo ninaambiwa ninajigamba, na nikitaja deni ninaambiwa ninawakwepa ndugu wanaoomba karo. Basi leo ninajibu mara moja tu, na nitakayoyasema ni ya familia yetu peke yake, kwa sababu tunaye jirani mwenye shamba na mtambo kama wetu ambaye hesabu zake hazifanani na zetu hata kidogo.

Namna pombe inavyokenekwa sitaieleza, maana wengi wenu mnatoka kwetu Trans Nzoia, Kenya, na mnajua mahindi yaliyosagwa hufanya nini yakikutana na kimea, hamira na moto. Anayesema kwamba wiski ni chang'aa iliyovaa suti hajakosea sana, kwa kuwa inapotoka mtamboni huwa haina rangi, nyeupe kama maji ya kisima. Tofauti iko katika pipa, na pipa ndilo linalokula pesa. Wiski yetu ni ya aina iitwayo bourbon, na sheria ya Marekani inataka bourbon itokane na nafaka ambazo mahindi ni asilimia 51 au zaidi, kisha iingizwe katika pipa jipya la mwaloni lililochomwa kwa ndani, ikiwa na nguvu ya kileo isiyozidi asilimia 62.5. Hilo neno "jipya" lisikieni vizuri. Pipa la lita 200 tulilolinunua kwa zaidi ya dola 250 haliruhusiwi kupokea bourbon mara ya pili. Tukishalimimina tunaliuza kwa bei ya kutupa, na mengi ya namna hiyo huishia Uskoti kukomaza wiski ya huko.

Maombi ya kibali cha serikali kuu cha kukeneka pombe hayatozwi ada yoyote, na hapo ndipo tulipojidanganya. Baba mkwe alikusudia kutumia banda lililo nyuma ya nyumba, bila kujua kwamba sheria hairuhusu pombe kali ikenekwe ndani ya nyumba ya kuishi wala katika banda au ua uliounganishwa nayo. Tukajenga upya upande wa pili wa shamba, tukavuta maji na umeme hadi huko, na kwa miezi mingi mtambo wa shaba ulikaa chini ya turubai huku mkopo wa benki ukizaa riba. Kisha ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimechangia dola 6,000 nilizozikusanya nikihudumia wazee zamu za usiku, na kwa kuwa ninamiliki hisa ilinibidi nieleze katika maombi hayo zilikotoka. Pasipoti yangu ina jina la baba yangu, cheti cha ndoa kina jina la mume wangu, na benki moja ya huko nyumbani ilichukua wiki saba kunipa taarifa ya akaunti yenye muhuri. Wiki saba, kwa karatasi moja! Katika wiki hizo hizo binamu yangu aliandika kwenye kundi la familia kwamba nimeolewa na kiwanda. Sijasahau.

Siku tuliyokeneka kwa mara ya kwanza, kilichotangulia kutoka kilinuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Baba mkwe alitia matone kiganjani, akasugua viganja, akanusa, akatikisa kichwa. Baada ya muda akarudia, na safari hii hakutikisa kitu. Alihamisha bomba kwenye tangi jingine bila kusema neno, na pombe hiyo ndiyo inayoingia pipani, mpaka harufu igeuke kuwa ya kadibodi iliyolowa maji, naye anakata tena. Nilimkumbuka mama mmoja jirani yetu aliyekuwa akinusa viganja vivyo hivyo jikoni kwake usiku, huku ametega sikio kusikiliza viatu vya askari. Kenya ilifuta sheria iliyopiga marufuku chang'aa mwaka 2010, naye alikuwa amekwisha kulala mahabusu zaidi ya mara moja.

Pipa likishajazwa linakaa ghalani, nawe unalilipia. Kentucky hutoza kila mwaka kodi ya mali juu ya pipa ambalo halijakuingizia hata senti. Sheria ya mwaka 2023 inaiondoa kodi hiyo kidogo kidogo kuanzia 2026 hadi iishe mwaka 2043, wakati ambapo mimi nitakuwa nyanya. Pombe ikitoka ghalani kwenda sokoni, serikali kuu inachukua dola 2.70 kwa kila galoni yenye nguvu ya asilimia 50, nacho ni kiwango nafuu cha galoni 100,000 za kwanza, kwani cha kawaida ni dola 13.50. Kundi la kwanza la wiski tulilitoa likiwa na miaka miwili kwa sababu benki haikutaka kungoja, tukasahau kwamba wiski iliyokomaa chini ya miaka minne lazima umri wake uandikwe kwenye lebo. Tulikuwa tumekwisha kuchapa lebo 2,000. Kosa lilikuwa langu, na ziko bado, watoto wanazichorea nyuma. Na hizo dola 50 mnazoziona ni bei ya dukani: sheria inatulazimu kuwauzia wenye maduka kupitia msambazaji, kwa hiyo kabla hazijafika kwetu zimepita mifuko miwili.

Wapo wanaoniandikia kwamba watauza ng'ombe waje tushirikiane. Mimi siwezi kumwambia mtu auze au asiuze, kwa kuwa sijui ana deni gani wala ana subira kiasi gani. Ninachojua ni kwamba sisi hatujajilipa mshahara.

Juzi tulilipima pipa la tatu, ambalo tulilijaza Machi 2022. Kati ya lita 200 zimepungua kama 30, nyingine zimenywewa na mbao na nyingine zimepotea hewani, na sehemu hiyo iliyopotea wenyeji wanaiita fungu la malaika. Baba mkwe anasema bado, tungoje mwaka mmoja zaidi. Mnawasikia ng'ombe wetu? Wanadai machicha yao ya asubuhi, kwa hiyo nazima kamera hapa.