Baba Anapoghani Msiba: Mhadhara kuhusu albamu ya TobyMac

Bwana asifiwe. Wanakwaya, vijana wa studio, na nyinyi wazee wetu mliokubali kukaa kusikiliza habari za hip hop, karibuni.

Albamu ninayotaka tuizungumze ni Life After Death, yaani Maisha Baada ya Kifo, ya TobyMac, msanii wa rapu ya injili, iliyotoka Agosti 2022. Wapenzi wa hip hop mtakumbuka kwamba The Notorious B.I.G. naye ana albamu ya jina hilohilo, iliyotoka mwaka 1997 siku chache baada ya yeye kuuawa. Hii ya TobyMac ni ya aliyebaki. Nimeichagua kwa sababu inagusa jambo linaloniuma katika muziki wetu wa injili: mdundo wa kucheza tumeupa shukrani peke yake, na kilio tumekiachia matanga.

TobyMac, Mmarekani wa ukoo wa McKeehan, alianzia kundi la DC Talk, lililozaliwa miaka ya 1980 Liberty University, mjini Lynchburg, Virginia. Walichanganya rapu na injili. Baadaye akasimama peke yake, na mwaka 2012 albamu yake Eye On It ikashika namba moja kwenye Billboard 200, chati ya muziki wa kila aina. Hayo yanatosha. Twende Oktoba 2019.

Mwezi huo kifungua mimba wake, Truett, alifariki akiwa na miaka 21. Wasikilizaji walimjua. Tangu utotoni sauti yake ilikuwa ikisikika kwenye albamu za baba kwa jina la TruDog, kwa hiyo watu walimsikia akikua. Alikuwa ameanza kughani mwenyewe. Siku chache kabla ya kifo chake alifanya onyesho lake la kwanza huko Franklin, Tennessee, na baba yake alikuwepo. Uchunguzi ulionyesha kwamba alikufa kwa dawa za kulevya, fentanyl ikiwemo. Nalitaja hili waziwazi kwa sababu kuna wazazi makanisani mwetu wanaobeba msiba wa aina hii kimyakimya, kwa aibu ambayo si haki yao kuibeba.

Familia ilitoa tamko. Ndani yake walisema kwamba hawakumfuata Mungu kwa mapatano ya siri, kwamba sisi tutakufuata nawe utubariki. Wanamfuata kwa kuwa wanampenda. Naomba mlipime neno hilo, halafu mpime mashairi tunayoyaandika. Ni mangapi yanamsifu Mungu kabla gari, nyumba au ndoa havijafika?

Januari 2020 akatoa wimbo 21 Years. Anamuuliza Mungu kwa nini alimpa mwana kisha akamnyang'anya. Kisha anamgeukia mwanawe, anamuuliza kama ana furaha huko aliko. Hakuna sauti inayomjibu. Prodyuza mwingine angemshauri aongeze ubeti wa ushindi, na nina hakika angeuharibu wimbo. Zaburi ya 88 nayo inaishia gizani, na bado imo katika Biblia, bado ni sala.

Ilichukua zaidi ya miaka miwili na nusu kutoka wimbo ule hadi albamu. Sisi msiba ukitokea leo, wimbo wa rambirambi unatakiwa kesho. Unafaa kwa mazishi, sikatai. Lakini huzuni ina mambo ambayo hayasemeki wiki ya kwanza, na hayo ndiyo yaliyomo humu. Sikilizeni Promised Land: anauliza iko wapi nchi yake ya ahadi, kama mtu aliyetembea jangwani akafika pasipo na mto. Hapewi nchi. Anachoshika ni Mungu mwenyewe. Everything About You anaimba na binti yake Marlee, dada na baba wakimkumbuka mtu mmoja. Halafu kuna Help Is on the Way, yaani Msaada uko njiani, wimbo unaokunyanyua kwenye kiti, lakini jina lake lina nyongeza kwenye mabano: labda usiku wa manane. Mtu anacheza huku amekubali kwamba msaada unaweza kuchelewa kwa saa yake yeye.

Hata The Goodness, aliouimba na Blessing Offor, Mnigeria asiyeona aliyekulia Marekani, ni wimbo mchangamfu kabisa. Ukiusikia redioni peke yake utadhani ni wimbo wa watu wasio na shida. Ukiusikia ndani ya albamu hii unajua nani anaimba, na amezika nani.

Sidai kila wimbo humu una uzito sawa. Vipo vipande vya kawaida, vya kuchangamsha vijana tu. Lakini nyimbo hizi nilizozitaja zinaonyesha kwamba mdundo wa kucheza unaweza kubeba maombolezo bila kuyapoza. Kwa hiyo nawaomba waandishi wetu wa nyimbo kitu kimoja: katika albamu yenu ijayo, wekeni walau wimbo mmoja wenye swali, na mliache swali lisimame bila kulijibu.

Sasa tutasikiliza Promised Land, kisha tutachukua maswali, tukianza na kwaya.