Moto wa Hawaii Unatoka Wapi? Nawajibu Nikiwa Juu ya Nyumba ya Mama, Nairobi

Hamjambo watu wangu! Leo sirekodi kutoka Hilo, mji wa Hawaii ninakoishi. Nimekuja nyumbani wiki mbili, na hapa ni juu ya ploti anayokaa Mama, Dagoretti, katikati ya nguo zilizoanikwa. Ngojeni nigeuze kamera. Vile vilima vya Ngong mnaviona? Nitavirudia.

Tangu nitue, swali ni moja. Mama kaniuliza, shangazi kaniuliza: "Unaishije mahali moto unatoka ardhini?" Mdogo wangu wa kidato cha tatu akaongeza lililo zito. Mwalimu wao amewafundisha kwamba volkano hutokea mabamba ya dunia, yaani vipande vikubwa vya ganda lake, yanapogongana au kuachana. Hawaii iko katikati ya bamba la Pasifiki, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka ukingo wowote. Sasa?

Jibu ninalolipenda lilitolewa mwaka 1963 na J. Tuzo Wilson, mwanasayansi wa Kanada. Fikirieni Mama anapika chapati, na chini ya kikaango kuna kaa moja kali kuliko mengine yote. Akiisogeza chapati polepole juu yake, madoa ya kuungua yatajipanga mstari. Doa jipya linafuka moshi, ya nyuma yamepoa. Kaa limetulia palepale, chapati ndiyo inayotembea. Kaa ni joto kali lililo ndani ya dunia, na bamba la Pasifiki ndiyo hiyo chapati, linakwenda kaskazini-magharibi sentimita 7 hadi 10 kila mwaka.

Na madoa yenyewe yapo! Kisiwa cha Kauai kina umri wa miaka milioni 5 hivi, na moto wake ulizimika zamani. Kisiwa ninachokaa mimi hakijafika milioni moja, na volkano yake ya Kilauea bado huwaka. Ukiufuata mstari huo chini ya bahari, milima iliyozama inaendelea karibu kilomita 6,000, hadi karibu na Urusi. Upande wa pili kuna mlima mchanga, Kamaʻehuakanaloa, unaoendelea kukua gizani, kilele chake kikiwa karibu mita 1,000 chini ya maji. Kila nikiikumbuka ile milima nahisi kusisimka.

Kuhusu woga: mwaka 2018 Kilauea ilipasua ardhi katikati ya mitaa, nyumba zaidi ya 700 zikaangamia. Mwenzangu kazini alirudi akakuta jiwe jeusi palipokuwa na mipapai yake. Kwa hiyo, Mama, una haki ya kuuliza.

Lakini hata hapa hatukai mbali na moto. Ngong ni mabaki ya volkano. Ukuta huu ninaouegemea ni jiwe la Ndarugu, na jiwe hilo ni majivu ya volkano yaliyoshikana. Mtasema hayo ni mambo ya Bonde la Ufa, ardhi inakoachana, na ni kweli.

Basi mkienda Mombasa, mkipita Makindu, tazameni kulia. Ile ni milima ya Chyulu, karibu kilomita 150 mashariki ya Bonde la Ufa, na bado moto ulitoka huko, mara ya mwisho katika karne ya 19. Zaha yake nyeusi, yaani mawe yaliyotoka yameyeyuka yakaganda, ipo Tsavo Magharibi, na inaitwa Shetani, kwa sababu waliouona ule moto waliamini shetani mwenyewe ametoka ardhini. Wanasayansi wengi wanaona kuwa chini ya Afrika Mashariki kuna joto kubwa linalopanda kutoka kina kirefu, na halingoji ufa ndipo litokee.

Mvua inayonyesha Chyulu huzama kwenye mawe hayo yenye matundu, ikaibuka chemchemi za Mzima, kisha ikafika Mombasa kwa bomba. Watu wa Pwani wanakunywa maji yaliyochujwa na volkano!

Jumamosi nampeleka mdogo wangu Shetani, alishike jiwe hilo kwa mkono wake. Mama naye anakuja. Nimeshamtafutia viatu vya soli nene, maana zaha ile inakata kama chupa iliyovunjika.