Saratani haisomi jina la chupa

Ndugu zangu, kila ninapozungumzia pombe na saratani huulizwa swali moja: "Lakini mvinyo mwekundu si mzuri kwa moyo?" Naliheshimu swali hilo, maana anayeuliza aliambiwa na mtu anayemwamini.

Mwaka 2020 watu wazima nchini Marekani waliulizwa kuhusu vileo na saratani. Waliojua kwamba pombe kali huongeza hatari walikuwa asilimia 31 hivi. Kwa bia, 25. Kwa mvinyo, 20 tu. Na mmoja katika kumi aliamini mvinyo hupunguza saratani! Hapo ndipo ninapoumia. Tumevipanga vileo kwa ngazi, vikali juu, laini chini.

Mwili hauzijui ngazi hizo. Kinachodhuru ni ethanoli, yaani kilevi chenyewe, nayo ni ileile katika glasi zote. Ini likiivunja hutokea asetaldehaidi, sumu inayoharibu vinasaba vya seli. Bakteria wa kinywani nao huitengeneza, na kinywa, koo na umio ndivyo vinavyopitiwa kwanza. Kwa wanawake kileo hupandisha homoni ya estrojeni, na saratani ya matiti hupata upenyo. Ini na utumbo mpana navyo vimo.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka vileo katika kundi la kwanza la visababishi mwaka 1988, pamoja na tumbaku. Nieleweke: kundi hilo hupima uhakika wa ushahidi, halipimi ukubwa wa hatari. Sisemi glasi moja ni sawa na pakiti ya sigara. Ila aliyezaliwa mwaka huo sasa ni mtu mzima, na wengi wa rika lake hawajaambiwa.

"Mimi nakunywa kidogo tu," mtasema. Mwaka 2020 saratani zipatazo 741,000 duniani zilitokana na kileo. Nyingi ni za wanywaji wa kupindukia, lakini zaidi ya 100,000 ni za wanaokunywa chini ya gramu 20 za ethanoli kwa siku, yaani glasi mbili ndogo za mvinyo.

Sasa lile swali la moyo. Tafiti nyingi za zamani ziliwalinganisha wanywaji wa kiasi na wasiokunywa, na miongoni mwa wasiokunywa walikuwamo walioacha kwa sababu tayari ni wagonjwa. Bila shaka mnywaji alionekana mzima zaidi. Watafiti walipowatenga wagonjwa hao, sehemu kubwa ya faida ile ilififia.

Karibuni kwa maswali.